Haki ya Kukataa Gunia

(Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Shule na Makao, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imenipa kazi ya kusema mbele yenu juu ya chakula kinacholetwa katika shule za bweni, na katika makao ya watoto na ya wazee. Na mwisho wa maneno yangu nitaomba Mkutano huu upitishe hoja moja. Najua kwamba saa imekwenda, na hesabu za Mtunza Hazina bado hazijasomwa, kwa hiyo sitazunguka.

Mtu alapo nyumbani kwake ana ulinzi ambao haukuandikwa katika sheria yoyote. Mama huunusa unga kabla ya kuutia katika maji yanayochemka. Huyapeta maharagwe katika ungo na kuyachagua. Na mtoto akisema kwamba uji una uchungu, husikilizwa, na kesho yake unga hununuliwa katika duka jingine. Mtoto wa bweni hana ulinzi huo. Hakuuona unga ukipokelewa, hamjui aliyeuleta, na asipokula kilichopakuliwa atalala na njaa. Mzee aliye katika makao hali yake ni hiyo hiyo, tena pengine zaidi, maana mtoto hurudi kwao wakati wa likizo akayasema yaliyompata, lakini mzee aghalabu hana mahali pa kurudi. Wote wawili wamewekwa mikononi mwa watu wengine, na kwa sababu hiyo hapana budi apatikane mtu wa kuunusa unga kwa niaba yao.

Wako watakaosema kwamba kazi hiyo ni ya Serikali. Ni kweli, na sheria hazikukosekana. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo leo ni Sura ya 242, ilianza tangu 1921. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ilitungwa mwaka 1965, nayo yakataza kuuza chakula chenye sumu, kilichooza, kichafu, au kilichochanganywa na vitu visivyostahili. Shirika la Viwango la Kenya liliundwa mwaka 1974. Tena Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Na vifungu vya 53 na 57 vimewataja watoto na wazee peke yao. Basi taabu yetu haitokani na uhaba wa sheria. Kati ya sheria iliyoko Nairobi na sufuria iliyoko jikoni pana mlango mmoja, nao ni mlango wa stoo, na mlangoni hapo mara nyingi hapana mtu.

Kadhalika kazi yenyewe imegawanyika. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Bwana Afya amekuwa mtumishi wa kaunti. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya Serikali ya Taifa. Makao ya watoto yana idara yake. Na makao mengi ya wazee huendeshwa na makanisa na watu wa hisani. Hii ni nyumba yenye walinzi wanne wasiosemezana, ambamo kila mmoja hulala akidhani kwamba mwenzake yu macho.

Wazee wangu, wengi wenu mwaukumbuka mwaka 2004. Mahindi yalivunwa wakati mvua isiyotazamiwa ilipokuwa ikinyesha. Watu, kwa kuogopa njaa na wezi, waliyaingiza nyumbani yakiwa mabichi wakayaweka mahali pasipo hewa. Kuanzia mwezi wa Januari watu wa Makueni na Kitui, na wengine wa Machakos na Thika, walianza kugeuka macho kuwa ya manjano na kuvimba matumbo. Ilipofika Julai, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na waliokufa 125. Nalo halikuwa jambo geni, kwa kuwa mwaka 1981 watu wa Machakos walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa huo huo. Wachunguzi walipokwenda sokoni mwaka huo wa 2004, waliona kwamba asilimia 55 ya mahindi na unga waliopima ilikuwa na sumu kupita kiasi kilichoruhusiwa wakati ule.

Sumu hiyo ndiyo tuiitayo sumukuvu. Hutolewa na kuvu anayeota juu ya nafaka isiyokauka vizuri. Nataka mambo matatu juu yake yashikwe. Kwanza, haionekani: kuvu aweza kuonekana, lakini sumu yake yaweza kubaki katika punje ambazo kwa macho ni safi. Pili, moto wa jikoni hauiondoi. Mtu aweza kupika githeri kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, na sumu itabaki ndani ya sufuria kama ilivyoingia. Tatu, kiasi kidogo kinacholiwa kila siku hakiui leo. Huliharibu ini polepole, na huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa watoto imeonekana kwamba sumu hii hufuatana na kudumaa. Kwa hiyo shule isijisifu ati hakuna mtoto aliyekufa.

Kipimo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni kwamba unyevu usipite asilimia 13.5, na sumukuvu yote isipite sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Hesabu ya namna hiyo ni ngumu kuishika, kwa hiyo niiseme kwa gunia. Katika gunia zima la kilo 90, sumu inayoruhusiwa haifiki miligramu moja. Miligramu moja ni sehemu ya elfu ya gramu, na hakuna jicho la mwalimu wala la mpishi liwezalo kuiona. Mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi zilizokuwa madukani, zimefungwa vizuri katika karatasi, kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Na mwezi wa Machi 2021 mahindi kutoka Uganda na Tanzania yalikatazwa kuingia nchini kwa muda wa siku chache, kisha yakaruhusiwa kwa sharti la kuwa na cheti. Mambo hayo mawili yalisemwa sana magazetini. Mahindi ya shule, yanayonunuliwa kwa mfanyabiashara wa karibu na kuletwa kwa punda au kwa lori usiku, hayakusemwa na mtu.

Sasa, yapi yawezayo kufanywa mlangoni na watu wasio wataalamu? Ni mengi kuliko tunavyodhani. Wafanyabiashara wa nafaka wa zamani hawakununua gunia kwa kulitazama mdomo. Walikuwa na bambo, chuma kile chenye ncha na mfereji, wakalidunga gunia juu, katikati na chini, na kuzitazama punje zilizotoka tumboni. Maana mwenye hila huweka mahindi mazuri juu, na sumukuvu nayo haikai sawasawa, yaweza kuwa pembe moja ya gunia isiwe pembe nyingine. Konzi moja iliyochotwa juu haisemi lolote juu ya gunia. Bambo litie kila gunia, changanya ulichotoa, ndipo upime.

Kisha iko chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika moja au mbili, uiache itulie. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi yamepita asilimia 15 ya unyevu, na hayo yarudishwe bila mabishano. Lakini chumvi isiposhikamana, usiimbe bado, kwa kuwa kati ya asilimia 15 na 13.5 chupa haina la kusema. Hapo chatakiwa kipima unyevu, ambacho ni chombo kidogo cha kushika mkononi, nacho hutoa jibu papo hapo. Sumu yenyewe hupimwa na maabara, wala sisemi kila gunia lipelekwe huko. Lakini shule inayonunua shehena ya muhula mzima yaweza kudai cheti cha maabara kabla ya shehena kushushwa.

Hata asiyejali sumu na ajali fedha. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, litabaki na kilo 85 na kidogo. Shule inayonunua magunia 100 ya namna hiyo imenunua maji yenye uzito wa magunia matano, nayo imeyalipia kwa bei ya mahindi. Mtunza Hazina wetu nilipomwonyesha hesabu hii alinyamaza, nanyi mwamjua kwamba si mtu wa kunyamaza.

Bwana Mwenyekiti, nimesema juu ya vyombo, lakini kama tungekuwa na kipima unyevu katika kila stoo ya wilaya hii, nusu ya taabu ingebaki vile vile. Maana mwalimu mkuu aweza kujua kwamba maharagwe ni mabaya na bado akayapokea. Kwa nini? Kwa sababu shule inadaiwa. Fedha za Serikali kwa ajili ya wanafunzi huchelewa, karo huchelewa, na watoto hawawezi kuambiwa wasile mpaka fedha zifike. Basi mwenye tenda huleta kwa deni, muhula wa kwanza, na wa pili. Ikifika muhula wa tatu, yeye ndiye achaguaye chakula cha shule. Atakuja na maharagwe ya mwaka juzi yaliyotobolewa na wadudu, na mwalimu mkuu atasema nini? Mdeni hana sauti mbele ya anayemdai. Naye mfanyabiashara, nisimwonee, hukopa fedha za kununulia, na riba yake haimngojei mtu. Huipunguza hasara kwa kushusha ubora, maana ndio mlango pekee aliouachiwa wazi. Anayetaka chakula kizuri kwa shule na aanze kwa kuuliza shule inalipa lini.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, katika kifungu cha 48, yaeleza juu ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, yenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, ambao hukagua vitu vilivyoletwa kabla ya kukubaliwa. Ni sheria nzuri. Katika shule moja, ambayo sitaitaja jina, kamati yetu ilionyeshwa karatasi za kamati ya namna hiyo. Zote za muhula mzima zilikuwa zimetiwa sahihi kwa wino mmoja na, kwa kadiri tulivyoweza kuona, kwa siku moja, wakati chakula kilichotajwa humo kilikuwa kimekwisha kuliwa zamani.

Katika shule hiyo hiyo tulimkuta mpishi, mama mtu mzima, ameketi chini ya mwembe akichagua maharagwe. Alikuwa na marundo mawili, na rundo la kutupwa halikuwa dogo. Mmoja wetu akamwuliza: "Mama, haya yalipoletwa ulimwambia nani?" Akajibu: "Mwanangu, gunia limekwisha andikwa ofisini. Mimi ni nani wa kulirudisha?" Hakusema kwa hasira. Akaendelea kuchagua.

Maneno ya mama yule yalinikumbusha msiba uliotokea mbali na hapa, nchini India, katika jimbo la Bihar, mwezi wa Julai 2013. Watoto wa shule ya kijiji walipewa chakula cha mchana kilichopikwa kwa mafuta yenye dawa ya kuulia wadudu wa mimea. Watoto 23 walikufa. Mpishi alisema baadaye kwamba aliyaona mafuta yale yana kasoro, akamweleza mwalimu mkuu, naye akaambiwa aendelee kupika. Aliendelea, tena yeye mwenyewe akaugua. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu mwalimu mkuu kifungo. Kanuni za India zilizotolewa mwaka 2015 zikaagiza kwamba chakula kionjwe na watu wazima wawili au watatu, na angalau mmoja wao awe mwalimu, kabla watoto hawajapakuliwa. Mimi naipenda kanuni hiyo, lakini naiona kuwa imekuja upande wa mwisho. Katika jiko lile palikuwapo mtu aliyejua, tena mapema. Alichokosa ni mamlaka ya kuyamwaga mafuta yale.

Nasi hapa kwetu tusijione kuwa mbali. Mwaka 2023 shule moja ya wasichana katika Kaunti ya Kakamega ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua, na baadhi yao, pamoja na mwalimu wao, wakafariki dunia. Wizara ya Afya ilieleza kwamba vijidudu vya E. coli na salmonela vimepatikana. Hivyo ni vijidudu vya uchafu wa maji na mikono, wala bambo halivioni. Kwa hiyo ukaguzi wa gunia hauondoi kazi ya kukagua kisima, choo, mikono ya wapishi, na vyeti vyao vya afya ambavyo hufanywa upya kila miezi sita. Na niongeze neno juu ya kuni: maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu yake ya asili, na tiba yake ni kuyaloweka usiku kucha, kuyamwaga maji hayo, na kuyachemsha kwa nguvu. Shule inayobana kuni ikapakua githeri ngumu haikuokoa kitu.

Sasa niseme juu ya wazee, maana shule zina wazazi wa kuzipigia kelele, na makao ya wazee hayana. Mzee asiye na meno akipewa mahindi mazima hataleta mashtaka. Ataacha tu kula, na watu watasema kwamba uzee umemwondolea hamu. Mwenye kisukari akipewa uji wa sukari kila asubuhi, na mwenye shinikizo la damu akipewa mboga ya chumvi nyingi, hapo hakuna chakula kibovu, unga ni safi na chumvi ni safi, lakini chakula hicho si chake. Kwa hiyo katika makao neno ubora lina maana pana kuliko shuleni. Mkaguzi asiishie stoo. Na aingie chumba cha kulia, atazame sahani zinazorudi jikoni. Sahani inayorudi imejaa ni barua ya malalamiko iliyoandikwa na mtu asiyeweza kuandika. Katika ziara zetu tulijifunza mengi zaidi kwa kutazama ndoo ya makombo kuliko kwa kusoma daftari.

Kwa wale wa Ukambani waliomo katika ukumbi huu, nasema pia kwamba muthokoi si chakula cha kudharauliwa. Kukoboa mahindi huondoa ganda, na katika ganda hukaa sehemu kubwa ya sumukuvu; tena punje laini humfaa mzee. Wazee wetu wa kale hawakuwa na maabara, lakini kinu walikuwa nacho. Hata hivyo kukoboa kunapunguza tu, hakuondoi, na mahindi yaliyooza yasikobolewe ili yapate kupokelewa.

Ninakuja kwenye jambo lililo gumu zaidi, nalo ni zawadi. Makao mengi huishi kwa zawadi. Kila mwisho wa mwaka magari huja na magunia, na picha hupigwa. Zawadi haina tenda wala karatasi ya kupokelea, na kwa desturi yetu zawadi haikataliwi. Kumrudishia mtu mkono wake mbele za watu ni kumwaibisha. Naiheshimu desturi hiyo. Lakini mfanyabiashara asiyeweza kuuza mahindi yake ya zamani aweza kuyafanya sadaka, akapata na shukrani. Na mwenye ghala anayetaka kuliondoa la mwaka jana kabla ya mavuno mapya huwakumbuka mayatima siku hiyo hiyo. Sisemi kwamba wote ni hivyo. Wengi hutoa kilicho chema kabisa, tena hujinyima. Nasema tu kwamba ini la mtoto yatima halijui tofauti ya gunia lililonunuliwa na gunia la hisani. Madhali Chama chetu nacho hutoa nafaka kila mwaka, kanuni hii haitakuwa na nguvu ya kumshika mgeni kama haitushiki sisi kwanza.

Katika mikutano ya kamati niliulizwa swali moja na mzee mmoja, na lilikuwa swali la haki: gunia likikataliwa saa kumi na moja jioni, watoto watakula nini saa moja usiku? Jibu lake ni akiba. Kipimo kilichotumika katika mpango wa chakula cha shule kwa mlo mmoja wa mchana ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe na gramu 5 za mafuta kwa kila mtoto. Shule ya watoto 400 yahitaji basi kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe kwa mlo huo. Magunia 10 ya mahindi ya kilo 90, yaliyokauka na kuwekwa juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, yatawalisha milo 15. Shule yenye akiba ya namna hiyo yaweza kumwambia mwenye tenda maneno haya: "Rudi nalo, tutakungoja." Shule inayopokea chakula cha leo leo haiwezi kusema neno hilo, hata kama mwalimu mkuu ni shujaa.

Na gunia lililokataliwa liende wapi? Likiachwa liondoke kimya, kesho litakuwa katika shule ya jirani. Lililo na unyevu tu, bila kuvu, mwenyewe aweza kulikausha akalirudisha lipimwe tena. Lililoota kuvu aitwe Bwana Afya, na jirani wote wapigiwe simu siku hiyo hiyo. Wala lisipewe ng'ombe wa maziwa, kama wengine wanavyodhani kuwa ni akili, kwa maana ng'ombe hula sumu hiyo akaitoa katika maziwa, na maziwa hayo yatamrudia mtoto yule yule.

Wako pia waliosema kwamba wafanyabiashara watakasirika, na kwamba baadhi yao ni wanachama wenzetu, nao wamo humu ukumbini. Nawasalimu. Mfanyabiashara mwema ndiye anayeumizwa leo, kwa kuwa anashindana kwa bei na mtu anayeuza maji na kuvu. Akikaushia mahindi yake juu ya turubai, akatia gharama, kisha tenda ikapewa aliyeyaanika barabarani, mwaka ujao naye ataanika barabarani. Bambo mlangoni litamfaa yeye kabla ya kumfaa mtu mwingine.

Hoja ya kamati, basi, ni hii. Kwamba Chama kinunue kipima unyevu kimoja, mabambo mawili na mizani ya kuaminika, vikae kwa Katibu, na shule au makao yoyote ya wilaya hii yaruhusiwe kuviazima bila malipo; bei zake Mtunza Hazina anazo. Kwamba msaada wa Chama kwa shule au makao utolewe tu mahali palipo na watu watatu wa kupokea chakula, na mmoja wao awe mpishi, naye apewe kwa maandishi haki ya kulikataa gunia lolote bila kuulizwa baadaye. Kwamba fedha za msaada wetu wa mwaka huu zitumike kwanza kulipia madeni ya chakula ya shule mbili na makao mamoja yatakayochaguliwa na Mkutano huu, ili tuone kama aliyelipwa deni lake ataendelea kuleta maharagwe ya mwaka juzi. Na kwamba nafaka zote zitakazotolewa na wanachama mwezi wa Desemba zidungwe bambo na kupimwa hapa ukumbini, mbele ya mwenyewe, bila kujali cheo chake wala umri wake, kuanzia gunia la Mwenyekiti na la Katibu.

Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.